"Wanapewa dawa": dawa ipi hasa?

Asubuhi moja ndani ya kifodi, tukielekea Kilombero ya hapa Arusha, konda alichungulia nje akaona vijana kama kumi wamejipanga mbele ya geti la kituo cha afya. "Wale wanapewa dawa," akasema. Mzee aliyekaa siti ya nyuma akauliza, "Dawa gani, mwanangu? Za kulevya au za UKIMWI?" Konda akacheka. "Zote, mzee. Serikali inawapa unga bure ili wasituibie simu." Mama mmoja akaguna kwamba yeye hata panadoli ananunua kwa hela yake. Mpaka tunashuka, swali la mzee lilikuwa limezaa mengine matano na hakuna hata moja lililojibiwa.

Simlaumu konda. Kiswahili chetu kimelitwisha neno "dawa" mzigo mkubwa. Kuna dawa ya mswaki, dawa ya viatu, dawa ya panya, dawa ya mganga, dawa za kulevya na dawa za hospitali. Hapa Arusha ukimwambia mtu kwamba jirani yako "anatumia dawa", anaweza kuelewa kuwa jirani anavuta unga, au kuwa ana VVU na amejiandikisha kliniki. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na yote mawili yanatosha kumfanya jirani akose mpangaji mwenzake wa kuchangia naye luku.

Basi tutenganishe. Kwanza kuna dawa za kulevya zenyewe. Pili kuna methadoni, tiba ya uraibu wa heroini. Tatu kuna dawa kinga, anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Nne kuna dawa za kufubaza, ambazo wengi tunaziita ARV, za mtu ambaye tayari ana VVU. Kijana wa pale getini anaweza kuwa anatumia moja ya hizo, au mbili kwa pamoja. Na tukiwa bado kwenye maneno: VVU ni kirusi, UKIMWI ni hali inayofuata pale kirusi hicho kinapoachwa miaka mingi bila tiba hadi kinga ya mwili ikaporomoka. Siku hizi mtu anaweza kuishi na VVU mpaka akazeeka bila kufika kwenye UKIMWI.

Si kila kilevi kina sindano

Kanda hii ya kaskazini ina sifa zake kwenye habari za dawa za kulevya. Mashamba ya bangi yakifyekwa Kisimiri Juu, Arumeru, tunaona picha. Mirungi ikikamatwa Same, tunaona magunia. Msomaji akiunganisha habari hizo na zile za "maambukizi ya VVU kwa watumiaji wa dawa za kulevya", anaishia kuamini kwamba bangi inaleta VVU. Haileti yenyewe. Bangi huvutwa, mirungi hutafunwa, na moshi au jani havibebi kirusi.

Kinachobeba ni damu. Ndiyo maana wataalamu wa VVU wakizungumzia watumiaji wa dawa za kulevya, jicho lao la kwanza liko kwa wanaojidunga, na hapa kwetu wanaojidunga hudunga hasa heroini, ile inayoitwa unga. (Samahani kwa wakazi wa Unga Limited. Kata yenu ilipata jina kutokana na kiwanda cha kusaga, mitaa ndiyo iliyokuja kuliharibu neno baadaye.) Wengi huanza kwa kuvuta, wakichanganya na bangi kwenye ile wanayoiita kokteli. Baadhi huhamia kwenye sindano pale mwili unapozoea na hela inapopungua, kwa sababu kete moja, yaani kipimo kimoja kidogo cha unga, ikidungwa inapiga zaidi kuliko ikivutwa.

Hata hivyo wasiojidunga hawako nje ya hatari. Mtu aliyelewa, iwe kwa mirungi, gongo au kokteli, husahau kondomu. Binti asiye na hela ya kete huenda akalipa kwa mwili, na hapo hana nguvu ya kudai chochote. Na mwenye VVU aliye kwenye ulevi mzito huruka siku za kumeza vidonge vyake. Njia ya kirusi hapo ni ngono, si bomba la sindano, lakini chanzo ni kilekile.

Mfongo na bomba

Waliokulia Moshi vijijini wanaujua mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani ukipita shamba la huyu na la yule. Uzuri wake ni kwamba kila mmoja anapata maji. Ubaya wake ni huohuo: aliye juu akifua nguo, walio chini wote wanaoga mapovu yake, hata wasiomjua kwa jina. Bomba la sindano linalozunguka kijiweni ni mfongo mfupi sana. Damu ya wa kwanza inabaki ndani yake kidogo tu, tone lisiloonekana, na wa pili anajidunga nayo moja kwa moja kwenye mshipa, bila ngozi wala mate wala asidi ya tumbo kuizuia.

Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu yanasema hivi: katika matukio 10,000 ya kuchangia sindano na mtu mwenye VVU asiye kwenye tiba, maambukizi yanaweza kutokea mara 63. Kwa mwanamke anayefanya ngono ya kawaida bila kinga na mwanamume wa aina hiyo, ni mara 8. Namba 63 katika 10,000 inaonekana ndogo, lakini anayejidunga hafanyi hivyo mara moja kwa mwezi. Anayejidunga mara tatu kwa siku anapita mara elfu moja kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa huwa naulizwa swali zuri: "Si tulifundishwa shuleni kwamba kirusi hiki hufa haraka nje ya mwili?" Kweli, kwenye damu iliyomwagika mezani na kukauka, hakina maisha marefu. Ndani ya bomba ni hadithi nyingine. Mle damu haikauki upesi na hewa haipiti. Maabara zimewahi kukuta kirusi kikiwa hai ndani ya bomba lililotumika baada ya siku 42, ikitegemea joto, na penye ubaridi hudumu zaidi kuliko penye joto. Julai ya Arusha, ile ya kuvaa makoti mawili, haimsaidii mtu hapa. Kirusi cha homa ya ini aina ya C ni kigumu zaidi, kimekutwa hai ndani ya mabomba hata baada ya wiki kadhaa zaidi ya hapo.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sindano si kitu pekee kinachochangiwa. Kuna maji ya kuyeyushia, kuna kijiko au kifuniko cha chupa, kuna kipande cha pamba. Mtu anaweza kuapa mbele ya mama yake kwamba hajawahi kuchangia sindano, na akawa anasema kweli, kumbe alichota kwenye kijiko kimoja na wenzake watatu. Kusuuza bomba kwa maji ya bombani hupunguza damu lakini hakuimalizi.

Na kuna unyama wa umaskini uliowahi kuandikwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2005. Watafiti walikuta wanawake wanaojidunga heroini kisha kuvuta damu yao wenyewe kurudi ndani ya bomba, na kumpa rafiki asiye na hela ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina heroini ya kutosha kumtuliza arosto, yale maumivu ya mwili unaodai unga. Kilikuwa kitendo cha huruma, cha kumsitiri mwenzio. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba watu hawa hawakosi utu, wanakosa sindano na tiba.

Methadoni si unga wa bure

Turudi kwa konda. Anaowaona kwenye foleni kila asubuhi, mara nyingi, ni watu wa methadoni. Hii si heroini na haifanyi kazi kama heroini, ingawa zimetoka ukoo mmoja wa dawa, ule wa afyuni na mofini.

Fikiria tumbo. Mtu akila karanga za barabarani, anashiba dakika chache kisha njaa inarudi, ananunua kifuko kingine, na siku nzima inaisha akikimbiza karanga. Mwingine amekula sahani ya makande asubuhi. Hasikii raha yoyote ya pekee, lakini jioni inamkuta hajafikiria chakula. Heroini ni karanga: inapanda kichwani kwa kasi na kushuka ndani ya saa nne hadi sita. Ikishuka, inakuja arosto, yaani makamasi, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, baridi juani na usiku usio na usingizi. Kijana anayezunguka saa kumi alfajiri akitafuta kete mara nyingi hatafuti raha tena. Anakimbia arosto, na njiani anaweza kukwapua simu yako.

Methadoni ni makande. Ni kimiminika kinachonywewa kwenye kikombe mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku, na kazi yake hudumu saa 24 au zaidi. Kwa dozi sahihi, haimlevyi mtu na arosto haiji. Huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, kisha hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, wengi wakitulia mahali fulani kati ya miligramu 60 na 120. Ukimwona muuguzi akimwambia mtu aliyemaliza kunywa "nisalimie kwanza", usidhani ni utani. Anataka ahakikishe imemezwa, haikufichwa mdomoni kwenda kuuzwa nje.

Tanzania ilianza mpango huu Muhimbili, Februari 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa barani kuutoa kupitia hospitali ya umma. Kutoka hapo ukaenea Mwananyamala, Temeke, na baadaye mikoani: Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga na hata hapa Arusha. Mgonjwa halipii.

Sasa, methadoni inahusianaje na VVU? Haiui kirusi, na sitaki msomaji aondoke na wazo hilo. Inachofanya ni kumwondoa mtu kwenye mfongo. Asiyehitaji kujidunga hahitaji bomba, na asiye na bomba hachangii bomba. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba tiba hii inapunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa wanaojidunga kwa asilimia 54. Faida ya pili ni ya kawaida kabisa: mtu anayefika kliniki kila siku ni rahisi kumpima, kumpa ARV, kumchunguza kifua kikuu na kumuuliza jana alilala wapi.

"Lakini si amebadilisha ulevi mmoja kwa mwingine?" Hili nalisikia hata kwa watu wasomi. Mwili wake bado unategemea dawa, hilo ni kweli na hakuna haja ya kulificha. Mama yangu naye anategemea kidonge cha presha, na hakuna aliyewahi kumwambia aache ili aonekane amepona. Swali la maana ni dawa inamfanyia nini mtu. Aliyekuwa anaamkia kijiweni sasa anaamkia kikombe kimoja na saa tatu yuko gereji. Wengine hukaa kwenye methadoni miaka, wengine hupunguza polepole hadi kuacha. Kuharakisha kuacha ndiko kunakowarudisha wengi kwenye sindano.

Lawama yangu kwa mpango huu iko kwingine. Kunywa kila siku mbele ya muuguzi ni sawa kwa anayekaa jirani. Kwa aliyeandikishwa Arusha kisha akapata kibarua Moshi, kilomita takriban 80, nauli inakula mshahara. Na mgumu anayebeba mizigo ya watalii, akipanda Kilimanjaro siku sita, anapanda na nini? Tunawaambia watu watafute kazi, halafu tunawapa tiba inayogombana na kazi nyingi za kanda hii.

Halafu kuna tatizo dogo la kitabibu ambalo limezaa uvumi mkubwa. Baadhi ya dawa za kifua kikuu, hasa rifampisini, na baadhi ya ARV za zamani kama efavirenzi, hulifanya ini liondoe methadoni mwilini haraka kuliko kawaida. Mtu aliyekuwa ametulia anaanzishwa dawa ya kifua kikuu na ndani ya wiki mbili arosto inarudi. Anawaambia wenzake kwamba dawa za hospitali "zinaua methadoni", na wenzake wanatupa vidonge vyao. Kumbe kinachotakiwa ni daktari kupandisha dozi ya methadoni kwa kipindi hicho. Kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi nchini tangu mwaka 2019, chenye dolutegraviri ndani yake, hakina ugomvi huo na methadoni. Kama ndugu yako yuko kwenye tiba zote mbili, mwambie amtajie kila daktari dawa zake zote, kwa jina, hata kama haulizwi.

Jambo la mwisho hapa: methadoni haina la kufanya kwa mraibu wa mirungi, bangi, pombe au kokeini. Hao wanahitaji ushauri nasaha na msaada wa aina nyingine. Nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani tunaziita soba, huwapokea, ingawa ubora wake unatofautiana mno. Nyumba inayomnyima mtu ARV zake au kumfunga mnyororo si tiba, hata ikiwa imeandikwa nini kwenye bango.

Mtungi wa oksijeni

Sindano safi ndiyo sehemu inayowaudhi watu kuliko zote. Mtu anakubali methadoni, anakubali ARV, ukifika kwenye kumpa mtumiaji sindano mpya anasimama. "Huko ni kumhamasisha."

Waongozaji wa watalii Kilimanjaro wengi hupanda na mtungi wa oksijeni. Sijawahi kusikia mtu akisema mtungi huo unawahamasisha wazungu kuugua ugonjwa wa mwinuko. Upo kwa sababu watu watapanda, baadhi wataugua, na tunataka washuke wakiwa hai. Shirika la Afya Duniani na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UKIMWI na ya dawa za kulevya yote yanapendekeza ugawaji wa sindano safi, baada ya tafiti za miongo kadhaa kuonyesha kwamba hauongezi idadi ya wanaojidunga. Unapunguza wanaochangia, na hukusanya sindano zilizotumika zisiishie kwenye mtaro wanakochezea watoto.

Kwetu jambo hili limebaki dogo. Ugawaji ulianza Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia asasi ya kitabibu, na haujawahi kuenea kama methadoni ilivyoenea. Duka la dawa linauza bomba kwa bei ndogo, lakini muuzaji akimwona mteja mwenye mikono yenye makovu, bomba "zimeisha". Naye kijana anaogopa kukutwa nalo mfukoni na polisi. Kwa hiyo analiazima la mwenzake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tunapovuja zaidi, na tunajua.

Kabla na baada

Dawa kinga, ambayo kliniki wanaiita PrEP, ni ya mtu aliyepimwa akakutwa hana VVU lakini maisha yake yanamweka karibu na hatari. Humeza kidonge kimoja kila siku. Utafiti uliofanyika Bangkok na kuchapishwa mwaka 2013, kwa watu wanaojidunga, ulikuta maambukizi yamepungua kwa takriban nusu, na zaidi kwa waliomeza bila kuruka siku. Sasa imekuja sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025. Kwa mtu asiye na kabati la kufungia vidonge, hiyo ni tofauti kubwa.

PEP ni nyingine, wengi huzichanganya. Hiyo ni ya baada ya tukio: umechomwa na sindano iliyotumika, umebakwa, kondomu imepasuka. Lazima ianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo bora, na humezwa siku 28. Mfagiaji wa soko aliyechomwa na sindano kwenye taka anastahili PEP sawa na muuguzi wa wodini. Asisubiri Jumatatu.

Kaa lililofunikwa

Kwa ambaye tayari ana VVU, neno "kufubaza" limechaguliwa vizuri. Kila aliyewahi kupika kwa jiko la mkaa anajua kaa lililofunikwa na majivu: halichomi wala haliwaki, unaweza kuliacha usiku kucha. Puliza majivu yaondoke, litawaka. ARV ni yale majivu. Zikimezwa kila siku, kirusi hushuka hadi kipimo hakikioni. Zikiachwa, kinarudi ndani ya wiki chache.

Na mtu ambaye kirusi chake hakionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wenza waliofuatiliwa kwa miaka. Ila naomba tuwe makini: uthibitisho huo ni wa ngono. Kwa kuchangia sindano, hatari hupungua sana, lakini hakuna utafiti unaotoa uhakika wa aina hiyo, na homa ya ini aina ya C haijali ARV zako. Kwa hiyo "sionekani" si ruhusa ya kuazimana mabomba.

Uvumi unaonichosha zaidi ni huu: "Teja hapewi ARV mpaka aache unga." Si kweli. Tangu Oktoba 2016 utaratibu wa nchi ni pima na tibu, yaani anayekutwa na VVU anaanzishwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, na hakuna sharti la kuacha kilevi kwanza. Kama kuna mhudumu aliyekuambia hivyo, ametumia hasira yake, si mwongozo. Wala dawa hazikatai kufanya kazi mwilini mwa anayetumia heroini. Kinachokwamisha ni ratiba ya maisha: kulala stendi, kukamatwa, kuibiwa begi lenye vidonge na kadi ya kliniki. Ndiyo maana kutoa methadoni na ARV kwenye dirisha moja kuna matokeo mazuri kuliko kumzungusha mtu majengo matatu.

Wanawake wanastahili aya yao. Tafiti za Dar es Salaam zimekuta wanawake wanaojidunga wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume wanaojidunga, na bado kwenye foleni za methadoni ni wachache. Wanaona aibu mara mbili, wanaogopa kunyang'anywa watoto, na mara nyingi mwanamume ndiye anayejidunga kwanza kisha anampa bomba. Mjamzito anayetumia heroini asiache ghafla peke yake nyumbani, maana arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Methadoni hutumika salama kipindi hicho chini ya uangalizi, na akiwa na VVU, ARV humkinga mtoto.

Je, dawa zimekatwa?

Swali hili lilishika mitaa mwaka 2025. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kwa kuwa mpango wao wa UKIMWI umekuwa ukigharamia huduma nyingi nchini tangu miaka ya 2000, watu walikimbilia kliniki kuomba vidonge vya akiba. Baadaye ilitolewa ruhusa maalumu kwa tiba ya wenye VVU kuendelea, lakini PrEP kwa fedha hizo ikabanwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Walioguswa haraka zaidi walikuwa waelimishaji rika, wale vijana wanaokwenda vijiweni kumshika mtu mkono na kumleta kliniki. Kidonge kikiwepo kabatini bila mtu wa kwenda kijiweni, hakimfikii aliyeko kijiweni.

Anayetaka kuanza leo anaweza kupita kwenye asasi za jamii, soba yenye usajili, au kituo chochote cha serikali akaomba rufaa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Mara nyingi watapenda aje na ndugu. Atapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu kabla ya kikombe cha kwanza.

Nimebakiza hatari moja ambayo haingoji rufaa. Mtu aliyekaa miezi kwenye gereza la Kisongo au la Karanga bila unga, akatoka na kurudia dozi yake ya zamani, mwili wake umeshaisahau. Vivyo hivyo aliyeanza methadoni wiki hii akaongeza pombe kali au vidonge vya usingizi juu yake. Pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, hakoromi kama mtu aliyelala bali kama anayekabwa. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimwache "alale iishe". Mlaze ubavu, mpulizie pumzi kama unajua namna, ita bodaboda au bajaji kama gari hakuna. Ipo dawa ya kumrudisha, naloksoni, inayofanya kazi kwa dakika chache, lakini ni kwa heroini na jamaa zake tu. Kwa hiyo mkifika dirishani na muuguzi akauliza "ametumia dawa gani?", usiseme "dawa tu, dada". Mwambie ni unga, mwambie saa ngapi, na kama alikunywa methadoni asubuhi, mwambie hilo nalo.